FILAMU ZA BOND: Mashabiki hutumia mizani ipi kuzipanga?

KWA zaidi ya miaka 60 sasa, mashabiki wa filamu za jasusi James Bond wamekuwa wakibishana kuhusu swali moja: ni ipi iliyo bora kuliko zote? Swali hilo huzuka upya kila filamu mpya inapotolewa. Orodha hupanguliwa na kupangwa tena. Iliyokuwa kileleni ikashuka, na iliyodharauliwa ikapanda.

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Aliyekulia katika enzi za Sean Connery humtetea Connery, na aliyemfahamu Bond kupitia kwa Daniel Craig huziona zile za kale kuwa zimechujuka. Hata hivyo, ubishi huu si wa mapenzi matupu. Ukiusikiliza kwa makini utabaini kuwa wabishani hutumia vipimo tofauti, na kwamba aghalabu hutofautiana kuhusu kipimo kabla ya kutofautiana kuhusu filamu yenyewe. Makala hii inaeleza vipimo hivyo na jinsi kila kimoja kinavyoigeuza orodha.

Chimbuko na idadi

Bond ni mhusika aliyebuniwa na Mwingereza Ian Fleming (1908-1964), ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alihudumu katika idara ya ujasusi ya jeshi la wanamaji la nchi yake. Riwaya yake ya kwanza, Casino Royale, aliyoiandika akiwa Jamaica, ilichapishwa mwaka 1953. Umaarufu wa vitabu vyake uliongezeka nchini Marekani Machi 1961, wakati jarida la Life lilipochapisha orodha ya vitabu kumi alivyovipenda Rais John F. Kennedy. Kimojawapo kilikuwa From Russia, with Love.

Mwaka uo huo, watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman waliunda kampuni ya Eon. Filamu yao ya kwanza, Dr. No, ilizinduliwa London mnamo Oktoba 5, 1962. Kufikia No Time to Die ya mwaka 2021, kampuni hiyo ilikuwa imetoa filamu 25.

Waigizaji waliomwakilisha Bond katika filamu hizo ni sita: Sean Connery (filamu sita, kati ya 1962 na 1971), George Lazenby (moja, 1969), Roger Moore (saba, 1973 hadi 1985), Timothy Dalton (mbili, 1987 na 1989), Pierce Brosnan (nne, 1995 hadi 2002) na Daniel Craig (tano, 2006 hadi 2021).

Zipo nyingine mbili zilizotengenezwa nje ya Eon, nazo ndizo chanzo cha ubishi wa kwanza: zihesabiwe au zisihesabiwe? Casino Royale ya mwaka 1967 ni kichekesho tu, na wengi huiweka kando. Never Say Never Again ya 1983 ni suala gumu zaidi kwa sababu Connery mwenyewe alirejea kuigiza. Filamu hiyo ni masimulizi mapya ya kisa cha Thunderball (1965), ambacho mtayarishaji Kevin McClory alikuwa na haki nacho kufuatia kesi dhidi ya Fleming. Mwaka huo Bond wawili walishindania watazamaji, na Octopussy ya Moore ikaishinda ile ya Connery kwa mapato.

Kipimo cha fedha

Kipimo kilicho rahisi kutumia ni mauzo ya tiketi. Kwa kipimo hiki Skyfall ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Sam Mendes, ndiyo bingwa. Ilivuna zaidi ya dola bilioni moja kote ulimwenguni, jambo ambalo hakuna filamu ya Bond iliyokuwa imelifanya. Lakini dola ya 2012 si sawa na dola ya 1965. Thamani ya fedha ikirekebishwa, Thunderball husogea hadi karibu na kilele.

Isitoshe, fedha na heshima si ndugu. Baada ya Star Wars kutia fora mwaka 1977, watayarishaji waliahirisha For Your Eyes Only, ambayo walikuwa wameitangaza mwishoni mwa The Spy Who Loved Me, wakampeleka Bond katika anga za juu kupitia Moonraker (1979). Filamu hiyo ilipata takriban dola milioni 210, na hakuna nyingine ya Bond iliyopata zaidi hadi GoldenEye ya mwaka 1995. Ilhali katika orodha nyingi za mashabiki, Moonraker hukaa karibu na mkia.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Die Another Day (2002). Iliingiza zaidi ya dola milioni 400, lakini gari lake lisiloonekana kwa macho, na tukio la Bond kuteleza juu ya wimbi kubwa lililochorwa kwa kompyuta, limegeuka mfano unaotolewa kila panapozungumzwa namna ya kuharibu mfululizo. Watayarishaji wenyewe hawakuendelea na mkondo huo. Waliamua kuanza upya.

Kipimo cha viungo

Mashabiki wengine huipima filamu ya Bond kama mlaji anavyopima pilau: je, viungo vyote vimo, na vimekolea? Viungo vyenyewe vinajulikana: adui mwenye njama kubwa, msaidizi wake wa kutisha, gari, vifaa vya kijasusi, mandhari ya nchi za mbali, na wimbo wa kufungulia.

Kwa kipimo hiki ni nadra Goldfinger (1964) kuondoka katika tatu za kwanza. Humo ndimo gari aina ya Aston Martin DB5 lilipoanza kuonekana likiwa na bunduki na kiti cha kumrusha abiria nje. Wimbo wa Shirley Bassey uliweka kielelezo kwa waimbaji waliofuata, naye akaalikwa tena kwa Diamonds Are Forever (1971) na Moonraker.

Wasomaji wa riwaya huongeza hoja nyingine ya kuisifu. Katika kitabu, Goldfinger ananuia kuiba dhahabu ya serikali ya Marekani iliyoko Fort Knox, njama isiyoingia akilini kwa sababu ya uzito wa shehena hiyo. Filamu iliirekebisha: adui hataki kuibeba dhahabu bali kuitia mionzi kwa bomu, ili isiweze kutumika na ile yake ipande thamani. Ni mojawapo ya mifano michache ambapo filamu imeonyesha werevu kuliko kitabu ilichotolewa.

Kipimo cha uaminifu kwa Fleming

Kundi la tatu huuliza iwapo Bond wa filamu anafanana na wa vitabuni: mtu anayechoka, anayeogopa na anayeumia. Hawa humpenda From Russia with Love (1963), hadithi ya mashine ya kufasiri ujumbe wa siri, na pigano ndani ya chumba kidogo cha gari moshi kati ya Connery na Robert Shaw. Ndani ya pigano hilo hakuna mzaha, na mtazamaji huamini kwamba mmoja wao hatatoka.

Kundi hili ndilo pia lililomtetea Timothy Dalton. Mwaka 1989, Licence to Kill ilionekana na wengi kuwa katili mno, na baada yake mivutano ya kisheria ikausimamisha mfululizo kwa miaka sita. Craig alipokuja na Bond mkali anayevuja damu, baadhi ya waliomkosoa Dalton walikiri kuwa alikuwa ametangulia wakati wake.

Casino Royale ya 2006, iliyoongozwa na Martin Campbell, ndiyo inayowapatanisha watu wa vipimo vyote. Kabla ya kutolewa, Craig alipingwa vikali, hata nywele zake za rangi ya dhahabu zikawa hoja. Baada ya kutolewa, upinzani uliyeyuka. Mchezo wa kamari ndio moyo wa kisa kama ulivyo kitabuni, ingawa karata za baccarat zilibadilishwa zikawa za poker, na Bond anapenda kwa dhati kisha anasalitiwa na ampendaye.

Jiwe walilolikataa waashi

Hakuna filamu inayoonyesha mabadiliko ya hukumu kama On Her Majesty’s Secret Service ya mwaka 1969. Connery alikuwa ameondoka. Nafasi yake ilichukuliwa na Lazenby, mwanamitindo kutoka Australia ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu yoyote kama mwigizaji mkuu. Ilipata faida, lakini mapato yake yalikuwa chini ya yale ya You Only Live Twice (1967) iliyoitangulia, na Lazenby akaacha kazi baada ya filamu hiyo moja. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kama mzaha.

Kisa chake hakikuwa cha kawaida. Bond anampenda Tracy, aliyeigizwa na Diana Rigg, na kumwoa. Saa chache baada ya harusi, bibi harusi anapigwa risasi na kufa ndani ya gari, na filamu inakwisha jasusi akiwa amemkumbatia marehemu. Mtazamaji wa 1969 aliyekwenda kumwona shujaa asiyeguswa na lolote alirudi nyumbani na msiba.

Ilihitaji muda na kanda za video kwa watu kuitazama tena bila kumlinganisha Lazenby na Connery kila dakika. Wakagundua muziki wa John Barry, mandhari ya mlima Schilthorn nchini Uswisi, na uigizaji wa Rigg. Mwaka 2012 wasomaji wa jarida la 007 Magazine la Uingereza waliipigia kura kuwa bora kuliko zote. Miaka tisa baadaye, No Time to Die ilitumia wimbo wake wa mapenzi, ule ulioimbwa na Louis Armstrong, na kurudia maneno yake waziwazi. Filamu iliyokuwa aibu ya familia ikawa babu anayenukuliwa na wajukuu.

Jicho la leo

Kipo kipimo cha nne ambacho waliopanga orodha miaka ya 1970 hawakukizingatia sana: filamu hizi zilimtazamaje mwanamke, na zilimtazamaje asiye Mzungu? Katika Dr. No, adui mwenye asili ya Kichina aliigizwa na Joseph Wiseman, mzaliwa wa Canada asiyekuwa na asili hiyo. You Only Live Twice ilimpaka Connery rangi ili afanane na Mjapani. Tukio la ghalani katika Goldfinger, ambapo Bond anamlazimisha mwanamke anayemkataa, leo huwafanya hata wapenzi wa filamu hiyo wakwepe macho.

Nasi huku Afrika Mashariki tuna la kusema. Casino Royale ya 2006 inatuonyesha kambi ya waasi, na maandishi yanatuambia kuwa hapo ni Mbale, Uganda. Huo si Mbale wa Vihiga bali ni mji ulio karibu na Mlima Elgon, mashariki mwa nchi hiyo, ilhali vita vya muda mrefu vya waasi vilivyojulikana duniani viliitesa kaskazini. Kadhalika, mbio maarufu za kukwea majengo zinazodaiwa kuwa za Madagaska zilipigwa picha Bahamas. Kwa watengenezaji, Afrika ilikuwa jina tu la kuandikwa chini ya picha.

Pana mabadiliko pia. Katika Skyfall, Naomie Harris alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuigiza Moneypenny, na mwaka 2021 Lashana Lynch aliigiza jasusi aliyepewa nambari 007 baada ya Bond kustaafu. Wapo wanaoshikilia kuwa filamu ihukumiwe kwa desturi za wakati wake. Wapo pia wanaojibu kwamba anayeorodhesha leo anaorodhesha kwa ajili ya mtazamaji wa leo. Pande zote mbili zina hoja, na ndiyo sababu Live and Let Die (1973), yenye adui mkuu mweusi aliyeigizwa kwa ustadi na Yaphet Kotto lakini iliyojaa dhana potovu kuhusu watu weusi, hupanda na kushuka kuliko nyingi.

Steringi akifa

Watazamaji wetu wa sinema wana msemo wa tangu zamani: steringi hafi. No Time to Die iliivunja kanuni hiyo. Bond alikufa, kwa mara ya kwanza katika filamu za Eon. Kwa wafuasi wa Fleming na wa filamu ya 1969, hicho kilikuwa kilele cha hadithi ya mtu anayeweza kuumia. Kwa wapenda viungo, ulikuwa usaliti: walilipa kumwona mtu anayeponyoka. Kipya kinyemi, hivyo hukumu ya mwisho kuhusu filamu hiyo itahitaji miaka kama ilivyohitaji ile ya Lazenby. Februari 2025 ilitangazwa kwamba usimamizi wa ubunifu ungetoka mikononi mwa familia ya Broccoli na kwenda kwa Amazon MGM, na Juni mwaka huo Denis Villeneuve akatajwa kuwa mwongozaji wa filamu itakayofuata.

Kwa msomaji anayetaka kuingia katika ubishi huu akiwa na silaha, si lazima atazame zote 25. Aanze na From Russia with Love, afuatishe Goldfinger, kisha On Her Majesty’s Secret Service. Aitazame The Spy Who Loved Me (1977) ili amwone Moore katika ubora wake, na amalizie kwa Casino Royale ya 2006. Baada ya hapo ajiulize ni ipi angependa kuirudia kesho. Jibu lake huenda lisifanane na la jirani yake, lakini angalau atajua ni kwa kipimo gani wametofautiana.