Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Goma

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ni kanisa la askofu wa Jimbo Katoliki la Goma, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jengo lake la zamani liliteketezwa na lava ya mlima Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Kuta zilibaki zimesimama bila paa, na ndani yake, mahali walipokuwa wakikaa waamini, lava ikaganda na kuwa mwamba mweusi. Nje ya Kongo wengi walilijua kanisa hili kwa mara ya kwanza kupitia picha za magofu yake, na bado ndivyo linavyoonyeshwa katika maandishi mengi. Hilo ni kulipunja, kwa kuwa lilikuwa na maisha ya miaka mingi kabla ya siku ile moja.

Jimbo na kiti chake

Kanisa huitwa kuu kwa sababu kiti cha askofu kimo ndani yake. Ukubwa wa jengo si kitu. Goma ilipata kiti hicho mwaka 1959, jimbo lilipomegwa kutoka Bukavu, mwaka mmoja kabla ya Kongo kupata uhuru. Wakati huo Goma ilikuwa mji mdogo wa mpakani, ukitazamana na Gisenyi ya Rwanda. Bukavu, ng'ambo ya kusini ya Ziwa Kivu, ndiyo iliyokuwa na ofisi na shule kubwa. Injili ilikuwa imeletwa Kivu mwanzoni mwa karne ya 20 na Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu huwaita Mapadre Weupe. Askofu wa kwanza, Joseph Mikararanga Busimba, alishika kiti mwaka 1960 akafariki mwaka 1974. Akamfuata Faustin Ngabu, aliyeliongoza jimbo kwa miaka 36, hadi 2010. Kisha Théophile Kaboy Ruboneka, na tangu 2019 Willy Ngumbi Ngengele.

Askofu Ngabu ndiye aliyeyaona mengi. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake kwa siku chache tu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kando ya barabara na katika kambi. Mwaka 1996 vita vikaingia mjini, na mwaka 1998 Goma ikawa makao makuu ya waasi wa RCD. Nyiragongo ulipopasuka mwaka 2002, mji haukuwa chini ya serikali ya Kinshasa, na hakukuwa na mamlaka yenye mpango wa kuwahamisha watu. Mtaalamu wa volkano wa hapo hapo, Dieudonné Wafula, alikuwa ameonya kwamba mlima unajiandaa, lakini onyo lake halikupata wa kulitendea kazi.

Siku ya lava

Nyiragongo una kimo cha mita 3,470 na uko chini ya kilomita 20 kaskazini mwa mji. Lava yake ina silika kidogo mno, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia kama uji usioiva. Katika mlipuko wa 10 Januari 1977 ilishuka kwa mwendo ambao mtu hawezi kuukimbia, ikaua watu vijijini mlimani, lakini haikufika katikati ya Goma. Mwaka 2002 mambo yalikuwa tofauti. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17, nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima, zikaendelea kupasuka kuelekea mjini hadi karibu na Munigi, juu kidogo ya uwanja wa ndege. Lava haikuhitaji tena kusafiri kutoka kileleni, maana ilitokea mlangoni.

Mkondo mmoja ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ukapita katikati ya mji kupitia maduka na nyumba za mbao, ukaingia Ziwa Kivu. Mji ukagawanyika mara mbili. Watu zaidi ya laki tatu walihama, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, na zaidi ya laki moja walirudi wakakuta hawana makao. Kwa kuwa watu wengi waliondoka mapema, waliokufa walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa. Baadhi yao walikufa siku nne baadaye, tarehe 21, kituo cha mafuta kilichozingirwa na lava kilipolipuka wakati watu wakichota mafuta.

Kanisa kuu lilikuwa katika njia ya mkondo huo. Lava ya namna hii, yenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000, haiangushi nyumba ya mawe kwa kuisukuma. Huingia kwa mlango, hutanda sakafuni, na kila kinachoweza kuwaka huwaka: benchi, milango, vitabu vya misa, mavazi ya mapadre, mbao za paa. Mbao zikiisha, mabati (manjanja kwa Kiswahili cha Goma) hayana cha kuyashikilia. Ukuta wa mawe na saruji haufi kwa namna hiyo. Hupasuka hapa na pale kwa joto, ila husimama. Ndiyo maana baada ya mlipuko magofu yalionekana kama kanisa lililosahauliwa kuezekwa, lenye matundu ya madirisha yanayotazama angani na sakafu iliyoinuka. Jambo hilo la mwisho ndilo linalomshangaza mgeni. Aliyeingia humo alitembea juu ya mwamba wenye kingo kali, juu zaidi ya mahali alipopiga magoti kabla, na uwiano wote wa jengo ulikuwa umeharibika, kwa sababu kuta zilionekana fupi.

Nyumba nyingi za katikati ya mji zilipatwa na hali hiyo hiyo. Ghorofa ya chini ikawa ardhini, na mlango ukafunguliwa upya juu yake.

Jiwe jeusi

Katika miji mingine ya dunia jiwe la ujenzi huletwa kutoka machimboni. Goma machimbo ni mji wenyewe. Mara tu lava ilipopoa vya kutosha kukanyagwa, vijana na akina mama walianza kuivunja kwa nyundo, patasi na mtaimbo. Vipande vikubwa vikawa mawe ya msingi na uzio, vidogo vikawa kokoto za zege. Mawe yakabebwa kwa malori, kwa vichwa, na kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Kivu ambayo imejengewa sanamu mjini.

Jiwe lenyewe lastahili kutazamwa kwa karibu. Limejaa vitundu vya hewa iliyonaswa wakati lava inaganda, vingine vidogo kama kichwa cha pini. Vitundu hivyo huishika saruji vizuri, na ndiyo sababu ukuta wa lava hukauka ukiwa mgumu sana. Fundi hulichonga uso mmoja tu, ule utakaoonekana, na kuuacha mgongo kama ulivyo. Kisha huchora viungo kwa saruji iliyotuna kidogo, kijivu juu ya nyeusi, mistari isiyonyooka inayozunguka kila jiwe. Mtindo huu umeenea katika kuta za Goma, kwenye nyumba za matajiri kando ya ziwa hadi nyua za parokia na shule. Hausomwi sana katika vyuo vya usanifu, lakini kama kuna kitu kinachoweza kuitwa usanifu wa Goma, ni huo.

Ubaya wake ni kwamba mwamba huo hauchimbiki. Shimo la choo, bomba la maji, hata kaburi, ni kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana nyumba nyingi za watu wa kipato cha chini ni za mbao zilizosimamishwa juu ya lava, zinazoweza kung'olewa na kuhamishwa. Kanisa kuu lilijengwa kinyume cha fikra hiyo. Lilijengwa libaki.

Magofu mahali pengine

Swali la Goma, yaani jengo takatifu lililoharibiwa lifanyweje, limeulizwa sana Uingereza, ambako makanisa makuu ni mengi na ya kale. Jibu mashuhuri zaidi lilitolewa Coventry. Usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zililichoma Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli la mji huo, ukabaki mnara na kuta za nje. Msanifu Basil Spence alishinda shindano la mwaka 1951 kwa kukataa mambo mawili: kulibomoa gofu, na kulijenga upya kama lilivyokuwa. Aliliacha wazi, akaweka kanisa jipya ubavuni mwake, likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962. Anayeingia humo hupita kwanza penye maafa.

Mexico ina mfano ulio karibu zaidi na Goma kwa chanzo chake. Volkano ya Parícutin, iliyozaliwa shambani mwaka 1943, ilikizika kijiji cha San Juan Parangaricutiro mwaka uliofuata. Mnara wa kanisa na altare yake vingali vinachomoza katika bahari ya lava. Lakini kijiji kile kilihamishwa. Goma haikuhama, na katikati ya mji wa watu wengi kiasi hiki kiwanja hakiwezi kuachiwa kumbukumbu peke yake.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, mwenzi wa karibu zaidi, si kwa magofu bali kwa jiwe lake, ni Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, Mkunazini, Unguja, ambalo Waingereza walilianza mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili, ndiye aliyelisimamia, na ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Ni jengo la Kiingereza kwa mpango na la Kizanzibari kwa mwili: kuta zake na paa lake la tao ni za mawe ya matumbawe. Baadhi ya nguzo zake, inasimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati askofu hayupo. Pale tumbawe, hapa lava. Makanisa yote mawili yanatokana na mwamba wa mahali pake, ila ni hili la Goma tu lililoangamizwa na mwamba huo huo.

Urithi ulio hatarini

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena. Lava ilisimama Buhene, karibu sana na uwanja wa ndege, na katikati ya mji pakaponea chupuchupu. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama, wengi wakaenda Sake na Rwanda. Mlima si hatari pekee. Novemba 2012 na tena Januari 2025 mji ulitekwa na waasi wa M23.

Pamoja na hayo, urithi wa jimbo umeendelea kukua. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Aliuawa mwaka 2007 baada ya kukataa hongo ili chakula kilichooza kisiingie sokoni.

Kumbukumbu nzuri za kanisa la zamani jinsi lilivyokuwa ndani hazimo katika vitabu vya usanifu. Zimo katika albamu za familia, nyuma ya maharusi na watoto wa komunyo ya kwanza waliopigwa picha humo kabla ya 2002, na albamu nyingi zilivuka mpaka pamoja na wenyewe. Aliye nazo, awe Goma, Gisenyi, Kampala au Brussels, azipige nakala, aandike nyuma yake mwaka na tukio, na apeleke nakala moja parokiani na nyingine aiweke nje ya mji.