Unyoya wa Avakubi

Ukitoka Nizi kuelekea magharibi, nyasi za vilimani zaisha na msitu wa Ituri waanza. Katika msitu huo, huko Avakubi, mwaka 1913 mtaalamu Mmarekani, James Chapin, aliona unyoya asioujua katika kofia ya mwenyeji. Akautunza miaka 23.

Siku zile magazeti ya elimu ya ndege yalitaka ngozi. Gazeti la Ibis, lililoanza Uingereza mwaka 1859, lilijaa habari za ndege waliopigwa bunduki: rangi, urefu wa bawa, jina la Kilatini. Unyoya mmoja haukutosha.

Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, Chapin alikuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikiwa kuwa tausi wachanga wa Bara Hindi. Jike alikuwa na unyoya uleule! Mwaka huohuo gazeti la Ubelgiji likatangaza tausi wa Kongo, *Afropavo congensis*.

Leo magazeti hayo yauliza mengine: ndege ala nini, aliaje, wamebaki wangapi, tena uwindaji na ukataji miti wamdhuruje. Sauti yake hunaswa kwa mashine, na kamera humvizia msituni akiwa hai.

Nyuma ya jina la tausi huyo wataalamu huandika “Chapin, 1936”. Mwenye kofia hatajwi, naye alimjua mbele yao wote. Basi, mzee akikusimulia habari za ndege, usimcheke. Sikiliza, kisha uandike, na jina lake pia.