Mitambo Bila Gudi: Masalia ya Vita na Tatizo la Vipuri katika Mpango wa Karanga wa Nachingwea, 1947–1951

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuanguka kwa Mpango wa Karanga huanza na ukame, udongo mgumu na uzoefu mdogo wa madereva wa Kiafrika. Sehemu hii inadai kwamba, kwa upande wa Jimbo la Kusini, chanzo cha awali zaidi kilikuwa mpangilio wa kazi wenyewe: mitambo ya vita ililetwa bila mfumo wa matengenezo ulioifanya ifae vitani.

Mfumo huo huonekana vyema katika meli za kivita zenye gudi ndani yake. Fikra yake ilitoka Uingereza, meli zikaundwa Marekani. Ya kwanza ya aina hiyo, USS Ashland, iliingia kazini mwaka 1943. Matangi yake hujazwa maji, sehemu ya nyuma ikazama kiasi, lango likafunguliwa, na vyombo vidogo vya kushushia askari na vifaru vikaelea kutoka. Vikirudi vimeharibika, maji husukumwa nje na gudi hukauka. Mafundi wakaanza kazi. Kwa hiyo jeshi lililotua kwenye ufuo usio na bandari lilikuwa na karakana jirani, na vipuri vyake.

Vita vilipokwisha, Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, ilinunua matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru kilichoundwa kwa ajili ya vita sasa kilitakiwa kung'oa visiki. (Siasa za London zilipenda picha hiyo, mafundi, nadhani, hawakuipenda.)

Kati ya vitengo 107 vilivyokusudiwa mwanzoni, 55 vilipangiwa Jimbo la Kusini. Hata hivyo Lindi haikuwa na gati la maji marefu. Shehena ilishushwa kwa matishari, ikapelekwa Mkwaya ndani ya hori, kisha ikasafirishwa bara zaidi ya kilomita 100. Anayeifahamu njia ya kutoka pwani hadi Ruangwa na Nambilanje wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949, wakati kazi ya kufyeka pori ilikwisha anza.

Hapa ndipo kipuri kinapopata uzito wa kihistoria. Mtambo mpya una kiwanda kinachoutambua. Mtambo wa masalia, uliokwisha chakaa na kuchanganywa na wa aina nyingine, hutegemea bahati. Mnyororo mmoja ukikatika, trekta zima hulala, na lililolala hukongolewa ili kuliponya jingine. Kumlaumu dereva katika hali hiyo ni kuhamisha kosa kutoka meza ya mpangaji hadi kiti cha mwendeshaji, na watafiti kadhaa wamelirithi kosa hilo bila kulihoji.

Mpango ulifutwa Januari 1951, na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Bandari ya maji marefu ya Mtwara, iliyokusudiwa kuuhudumia, ilifunguliwa mwaka 1954. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma yake yakang'olewa.