MultiVersus: Uwanja wa vibonzo uliofungwa wachezaji wakiwa wamelipa

KWA miaka mingi, watoto wamekuwa wakibishana kuhusu nani angeibuka mshindi iwapo mashujaa wa vibonzo wangekutana ana kwa ana. Je, sungura Bugs Bunny angeweza kumhadaa Superman? Na paka Tom, ambaye aghalabu huzidiwa ujanja na panya Jerry, angethubutu kumkabili Batman?

MultiVersus ni mchezo wa video uliobuniwa kuyajibu maswali kama hayo. Uliundwa na kampuni ya Player First Games ya Marekani, chini ya uongozi wa Tony Huynh, na kusambazwa na Warner Bros. Games. Ulitangazwa Novemba 2021, ukafunguliwa kwa umma Julai 2022 kama toleo la majaribio na kuzimwa kabisa Mei 30, 2025.

Ingawa uhai wake ulikuwa mfupi, mchezo huo uliacha swali linalomhusu kila mzazi ambaye mwanawe hucheza mtandaoni: mtu anapolipia kitu kilichomo ndani ya mchezo, huwa amenunua nini hasa?

Wahusika wa nyumba moja

Siri ya mvuto wa MultiVersus ilikuwa wahusika wake. Superman alizaliwa katika vitabu vya katuni mwaka 1938, naye Batman akafuata mwaka 1939. Bugs Bunny na jozi ya Tom na Jerry walijitokeza katika filamu za mwaka 1940, huku kundi la Scooby-Doo likianza kuonekana kwenye runinga mwaka 1969.

Wengi wao hawakuanzia kwenye kampuni moja. Tom na Jerry, kwa mfano, waliundwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM. Filamu hizo baadaye ziliangukia mikononi mwa Ted Turner, ambaye kampuni yake iliungana na Time Warner mwaka 1996. Kwa njia hiyo hakimiliki zilikusanyika chini ya paa moja, na ndiyo sababu Warner iliweza kuwapambanisha wahusika hao bila kuomba idhini kwa washindani wake.

Kwenye orodha hiyo waliongezwa Wonder Woman, Harley Quinn, Shaggy na Velma, Finn na Jake wa Adventure Time, Arya Stark wa Game of Thrones, na hata mchezaji nyota wa mpira wa vikapu LeBron James, kutokana na filamu ya Space Jam iliyotoka mwaka 2021. Sauti ya Batman ilikuwa ya Kevin Conroy, mwigizaji aliyeanza kuisikika katika nafasi hiyo kwenye vibonzo vya mwaka 1992 na ambaye aliaga dunia Novemba 2022.

Jinsi ulivyochezwa

MultiVersus ulifuata mkondo uliochongwa na Super Smash Bros., mchezo wa Nintendo uliobuniwa na Masahiro Sakurai na kutolewa nchini Japani mwaka 1999. Katika michezo ya aina hii, mpiganaji hapotezi uhai kidogo kidogo hadi akaanguka. Kila anapochapwa, kiwango cha madhara yake hupanda, na kadiri kinavyopanda ndivyo pigo linalofuata linavyomrusha mbali zaidi. Anayerushwa nje ya mipaka ya uwanja humpa mpinzani wake pointi, kisha hurejea kuendelea na pambano.

Hakuna damu wala maiti. Kushindwa kunafanana na yule paka wa vibonzo anayetupwa dirishani kisha akarudi mlangoni akiwa mzima. Hilo ndilo lililowafanya wazazi wengi kuuona mchezo huu kuwa wa kifamilia, ijapokuwa mwaka 2024 waliongezwa wahusika wa filamu za kutisha kama vile Jason wa Friday the 13th.

Jambo lililoutofautisha na watangulizi wake ni ushirikiano. Ulisukwa hasa kwa mapambano ya wawili dhidi ya wawili, na mapigo mengi yalikuwa na manufaa kwa mwenzako. Wonder Woman, kwa mfano, aliweza kumvuta mshirika wake kwa kamba na kumwokoa asianguke. Tom na Jerry walihesabiwa kuwa mpiganaji mmoja: Tom alikuwa akimwandama Jerry, na adui aliyesimama karibu ndiye aliyeumia.

Kupaa na kuporomoka

Kucheza kulikuwa bure. Mapato yalitokana na mauzo ya wahusika, mavazi na mapambo. Waliotaka kuuunga mkono tangu mwanzo waliuziwa vifurushi vya waasisi, kile cha bei ya juu kikigharimu karibu dola 100 (takriban Sh12,000 kwa thamani ya wakati huo). Idadi ya wachezaji ilipita milioni 20 katika majuma machache, na Desemba 2022 mchezo huo ukatuzwa kuwa bora zaidi wa mapigano katika hafla ya The Game Awards.

Hata hivyo, umaarufu huo haukudumu. Juni 2023, toleo la majaribio lilifungwa ili mchezo ukafanyiwe ukarabati. Uliporejea Mei 28, 2024, baadhi ya wachezaji walilalamikia mwendo uliopunguzwa kasi na ugumu wa kuwapata wahusika bila kutoa pesa.

Novemba 2024, Warner Bros. Discovery ilifichua hasara ya zaidi ya dola milioni 100 katika kitengo chake cha michezo, na kuutaja MultiVersus kuwa chanzo kikuu. Mwishoni mwa Januari 2025, ilitangaza kwamba msimu wa tano ungekuwa wa mwisho, na mauzo kwa pesa halisi yakasitishwa. Mwezi uliofuata, Player First Games yenyewe ilifungwa.

Waliouingia mchezo huo wakati wa msimu wa mwisho waliruhusiwa kubaki na walichokuwa nacho, ila kwa kucheza nje ya mtandao pekee, peke yao au na wenzao walio nao chumba kimoja. Waliokosa nafasi hiyo walibaki mikono mitupu.

Mali au leseni?

MultiVersus haukuwa wa kwanza kukumbwa na hali hiyo. Machi 2024, kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilizima The Crew, mchezo wa mashindano ya magari ambao watu walikuwa wameununua kwa bei kamili. Hatua hiyo ilizua kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka wachapishaji waache michezo ikiwa bado inachezeka hata baada ya kusitisha huduma. Ombi la wanakampeni hao kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 1 mnamo Julai 2025.

Huko Marekani, jimbo la California lilianza kutekeleza sheria mpya Januari 2025. Muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni inayoweza kuondolewa.

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtoto anayeomba pesa za kumvalisha Batman joho jipya hajui kuwa joho hilo limo ndani ya tarakilishi za kampuni iliyo mbali, wala siku ambayo kampuni hiyo itaamua kuzizima. Mzazi hana budi kuuliza kabla ya kulipa: je, mchezo huu utachezeka siku mitambo ya mwenyewe itakapozimwa? Ikiwa jibu ni la, basi anachokilipia ni kodi ya muda, na pesa anazotoa zifae kulingana na hilo.