Uta wa Mti Mmoja na Dhana ya Ujinga wa Gundi

Mwaka 1891, ambao wasomaji wa Njombe na Iringa huukumbuka kwa vita vya Lugalo, pale Mkwawa alipoliangamiza jeshi la Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti, ndio mwaka ambao mwanachuoni wa Kijerumani, Friedrich Ratzel, alitoa kitabu juu ya nyuta za Afrika. Nacho ni kitabu ambacho ni nadra kutajwa na wenye kujadili urithi wetu. Ratzel alichunguza umbo la mti na jinsi upote unavyofungwa ncha kwa ncha, akaona mfanano baina ya nyuta za Afrika na zile za New Guinea, akakata shauri kwamba asili yao ni moja. Hoja hiyo haihitaji kutuchelewesha, kwa maana watu wawili wenye miti ya namna moja na haja ya namna moja huweza kufikia umbo moja pasipo kuonana kamwe.

Iliyotudhuru zaidi ni dhana ya pili ya zama hizo, iliyotokana na wale waliozipanga silaha za walimwengu kutoka sahili kwenda tata, kama alivyofanya Jenerali Pitt Rivers, ambaye hazina yake ilipokewa na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1884. Katika mpango wa namna hiyo uta wa mti mmoja huwekwa chini, na uta wa tabaka zilizogundishwa huwekwa juu. Na mtazamaji hutoka akiamini kwamba Mwafrika hakuunganisha tabaka kwa sababu hakujua gundi. Habari za mikuki ya Wahehe na Wabena, na za Maji Maji ya 1905, zimekwisha kuandikwa na waliotutangulia, nami sizikariri. Neno langu ni hili la gundi.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe ya kugundisha tabaka za uta, maana wengi wanaoisifu hawajapata kuishika. Mbao nyembamba hupigwa randa hata zibaki milimita tatu au nne, nyuso zake zikasafishwa vumbi na mafuta ya vidole, zikapakwa gundi, zikalazwa juu ya kalibu yenye umbo la uta, kisha zikabanwa kwa majiliwa yaliyokaribiana, au zikazungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ambao hukaza sawasawa toka mwisho hadi mwisho. Asiyejua hudhani kwamba kukaza mno ndiko kushikamana. Kumbe jiliwa likizidi nguvu gundi hukamuliwa ikachuruzika pembeni, ndani pakabaki pakavu, na ukavu huo hauonekani mpaka siku uta unapovutwa, mgongo ukanyoshwa, tumbo likabanwa, na tabaka za katikati zikataka kuteleza moja juu ya nyingine. Hapo penye upungufu wa gundi ndipo panapofumuka.

Mafundi wa Japani waliufahamu mtihani huo, wakazifunga tabaka za mwanzi na mti kwa kamba, kisha wakapigilia kabari chini ya kamba, moja baada ya moja, huku wakiupinda uta polepole. Waturuki nao waliambatisha pembe tumboni na kano mgongoni kwa sherizi ya wanyama na samaki, wakauacha uta ukauke miezi mingi kabla ya kuutia upote. Ustadi huo ni wa kustahiwa, lakini una sharti lake: sherizi ya namna hiyo hunywa unyevu ikalegea. Wahindi, waliokuwa na nyuta za tabaka, walitengeneza pia nyuta za chuma, ambazo hazikuogopa masika. Basi fundi wa nyanda za juu, ambako ukungu hulala mabondeni na mvua hudumu kuanzia Novemba hadi Aprili, angalipata faida gani kwa uta unaofumuka kila msimu?

Fauka ya hayo, alikuwa na miti. Mkole, wenye nyuzi ndefu zisizokatika upesi, umetumika kwa nyuta katika sehemu nyingi za Afrika; Wahadza wa Eyasi wangali wakichonga nyuta za mti mmoja; na Waliangulu wa Tsavo walitumia nyuta zenye nguvu ya kuvutwa ya pauni 100 na kupita, wakawaua tembo kwa mishale ya sumu. Jahazi la Mary Rose, lililozama Uingereza mwaka 1545, lilipoopolewa lilikutwa na nyuta zaidi ya 130, kila moja ya mti mmoja, wala sijapata kusoma kwamba Waingereza walioshinda Agincourt mwaka 1415 walikuwa wajinga wa gundi.

Na gundi yenyewe ilijulikana Afrika tangu azali. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wachunguzi wamekuta ncha za mawe za zaidi ya miaka 60,000, ambazo wanazihesabu kuwa za mishale, zikiwa na mabaki ya gundi. Tena wameonyesha kwamba watu wa huko walichanganya utomvu na udongo mwekundu wakaupasha moto. Basi gundi waliitia kwenye mshale, mahali palipohitaji kushikamanishwa, wakauacha uta ufanye kazi yake kwa tabaka ambazo Muumba amekwisha kuziunganisha ndani ya mti.

Leo mambo yamebadilika. Magome ya miwati ya Njombe, iliyopandwa na Kampuni ya Tanganyika Wattle tangu mwaka 1949, hutoa tanini, ambayo kwingineko hutengenezewa gundi ya mbao isiyoogopa maji. Kijana wa Kichiwa au Makambako akitaka kuunda uta wa tabaka kwa mchezo wa shabaha, mwanzi anao na seremala wa kumwazima jiliwa yupo; na aunde, ila asidhani kwamba anapanda ngazi ambayo babu zake walishindwa kuipanda.

Nawaomba wenye makumbusho waandike kando ya kila uta jina la mti wake, mahali ulipokatwa na nguvu ya kuuvuta. Na wazee wanaoijua miti hiyo kwa majina ya Kibena waulizwe sasa, wangali hai.