Kiapo, Ungamo na Mwanga wa Kibatari

Saikolojia ya upelelezi huhesabiwa kuwa elimu changa. Wengi huianzia kwa Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard na kutoa kitabu mwaka 1908 kuhusu makosa ya mashahidi. Lakini swali lake kuu, yaani nini humfanya mtu aseme kweli, au aseme uongo unaomwangamiza mwenyewe, lilikuwa na majibu mkoani Mara kabla ya kituo chochote cha polisi. Kwa Wakuria, wizi wa mifugo ulipelekwa kwenye iritongo, baraza la hadhara, na aliyekana angeweza kutakiwa kula kiapo. Akiapa uongo, madhara yangemfika yeye au jamaa zake. Nguvu ya kiapo ilianza kabla hakijaliwa: mwizi aliyekiamini alisita, na ndugu zake walimsihi akiri kuliko kuiponza nyumba nzima. Hiyo ni saikolojia kamili, ila ilikuwa na tundu moja kubwa. Woga haubagui, nao humtetemesha hata asiyeiba.

Utawala wa Waingereza haukuuondoa woga huo, uliuhamishia kwa wenye cheo tu. Kwa utaratibu wa mwaka 1926 watemi walifanywa mkono wa serikali, na Butiama kwa Nyerere Burito, mtemi tangu 1915 hadi kifo chake mwaka 1942, utawala na uamuzi wa mashauri vilikaa chini ya paa moja. Na bado sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika, ilikataa katakata ungamo lililotolewa kwa polisi. Ajabu ya mkoloni: alimkabidhi askari bunduki, akamnyima imani juu ya kinywa cha mahabusu. Tanzania iliurithi mwiko huo katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, kisha mwaka 1980 ikaulegeza: ungamo la hiari kwa polisi likaanza kupokelewa. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinakwenda mbali zaidi, kwani ungamo halitupwi kwa sababu tu palikuwa na kitisho au ahadi, mpaka mahakama ione kwamba kishawishi hicho kingeweza kuzaa uongo. Hapo hakimu amepewa kazi ya mwanasaikolojia.

Mwaka huohuo wa 1980, Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani ilikaza upande wa pili, ushahidi wa macho. Shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwa wa aina gani? Je, alimfahamu kabla? Maswali haya yanauhusu sana mkoa wa Mara, ambako ng'ombe huibwa usiku. Mtu anayetoka nje akiwa na kibatari mkononi huonekana vizuri na wezi kuliko anavyowaona, na baada ya siku chache kumbukumbu yake hujazwa na jina ambalo kijiji kizima kimekwisha kulitaja. Shahidi huyo hadanganyi. Ana hakika, na hakika yake ndiyo inayotisha.

Wapo watakaopinga: hoja za mwanga na umbali huwaachia wezi, ilhali sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia Usukumani miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, walirudisha ng'ombe. Si hoja ya kupuuzwa, maana polisi walikuwa mbali na mwizi alikuwa jirani. Ila kurudi kwa ng'ombe kunathibitisha kwamba mtu alisema. Hakuthibitishi kwamba kila aliyesema alikuwa mwizi. Uingereza, yenye vituo kila mtaa, iliwafunga vijana wanne mwaka 1975 katika kesi ya mabomu ya Guildford kwa maungamo yao wenyewe, ikawaachia mwaka 1989. Gisli Gudjonsson, aliyekuwa askari wa Iceland kabla ya kuwa mwanasaikolojia, alipima jinsi mtu anayebanwa maswali anavyoyumba hadi kukubali asilolifanya.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ililiona hilo: mahojiano yamewekewa saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, na nyongeza ina masharti yake. Lakini muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Kwa anayekamatwa kijijini, mbali na barabara, saa hizo zisizohesabiwa huwa ndefu, na maelezo ya onyo, yale anayoandikiwa polisi baada ya kuonywa, hayasemi aliambiwa nini njiani.