Vipuri vya Universal Carrier: utambuzi na biashara

Universal Carrier ni gari dogo la deraya linalotembea kwa minyororo, lililotumiwa na majeshi ya Uingereza na washirika wake katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wengi hulijua kama Bren Carrier, jina la toleo la awali lililobeba bunduki ya rashasha ya Bren. Magari ya ukoo huu yaliyoundwa yalizidi 100,000. Yaliyosalia hufufuliwa na makumbusho pamoja na wapenzi binafsi wa magari ya kijeshi. Kwao, kazi ngumu huanza kabla ya spana kushikwa: kujua kipuri kilicho mkononi kilizaliwa wapi.

Mchoro ulitoka kwa kampuni ya Vickers-Armstrongs, lakini uundaji ulisambaa Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Marekani. Kiwanda cha Ford huko Windsor, Ontario, peke yake kilitoa takriban magari 29,000. Toleo la Marekani, T16, hufanana na mengine kwa mbali tu. Bodi yake ni ndefu zaidi na imechomelewa, lina magurudumu manne ya kubeba mnyororo kila upande badala ya matatu, na huongozwa kwa wenzo, si kwa usukani. Anayenunua kipuri cha mfumo wa magurudumu kwa kutazama picha tu anaweza kupelekewa cha T16, na hakitamfaa.

Alama zilizogongwa kwenye chuma ndizo ushahidi wa kwanza. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa chapa ya mshale mpana. Kanada iliuweka mshale huo ndani ya herufi C, na Australia ikauweka katikati ya herufi D mbili. Chini ya tabaka za rangi huweza kupatikana pia nambari ya usajili wa kijeshi, inayoanza na T kwa magari ya Uingereza na CT kwa ya Kanada. Kwa hiyo kupuliza mchanga bodi nzima siku ya kwanza ni hasara isiyorudishika. Rangi iondolewe taratibu, tabaka kwa tabaka, na kila alama ipigwe picha.

Ushahidi wa pili umo kwenye meno ya bolti. Bolti za Kiingereza za wakati huo, Whitworth na BSF, zina meno yenye pembe ya digrii 55, na za Amerika Kaskazini digrii 60. Bolti nene ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa kila inchi, ya Kimarekani 13. Ile ya robo inchi ni ya hatari zaidi, maana pande zote mbili ina meno 20: nati itaingia, fundi ataridhika, lakini meno hayakukaliana sawasawa na mtikisiko wa minyororo utailegeza. Gari lililoundwa Uingereza na kufungwa injini ya Ford huweza kuwa na mifumo yote miwili, hivyo fundi huhitaji seti mbili za spana. Usumbufu wa aina hiyo wakati wa vita ulichangia Uingereza, Kanada na Marekani kukubaliana mwaka 1948 juu ya mfumo mmoja wa meno.

Injini ndiyo nafuu kubwa. Ford V8 yenye vali za pembeni ilianza kuuzwa katika magari ya raia mwaka 1932, na vipuri vyake bado vinapatikana. Hata hivyo huhesabiwa kwanza stadi za silinda hedi: injini za mapema zina 21 kila upande, za baadaye 24, na hedi zake hazibadilishani.

Minyororo hudai umakini wa pekee. Usukani ukizungushwa kidogo, magurudumu ya mbele husogezwa pembeni na mnyororo hupinda. Ukizungushwa zaidi, upande mmoja hufungwa breki. Mnyororo uliolika kwenye matundu ya pini hurefuka na unaweza kuchomoka kwenye kona. Muuzaji mwaminifu hunyoosha viungo kumi, akapima urefu wake mbele ya mnunuzi, na kuulinganisha na wa viungo vipya.

Baada ya vita, wakulima wa Kanada, Australia na New Zealand walinunua magari haya kwa bei ya chini na kuyafanya matrekta, mara nyingi baada ya kukata sehemu ya deraya. Mashamba hayo yamekuwa chimbuko muhimu la vipuri. Kubadilishana kipuri kwa kipuri ni jambo la kawaida, na kipuri ambacho hakijawahi kufungwa, kikiwa bado na grisi ya kuhifadhia na lebo yenye nambari, huthaminiwa kuliko vyote. Vya kuigiza navyo vipo, na vina nafasi yake halali mradi vitajwe hivyo. Bamba la chuma laini likiuzwa kama deraya halisi hujulikana kwa tupa: deraya halisi huigomea.

Geji za zamani huweza kuwa na rangi ya kung'aa yenye radiamu, na breki kuwa na asbesto. Zisikwanguliwe wala kupulizwa vumbi. Silaha na vifungio vyake, pamoja na usafirishaji wa deraya nje ya nchi, huangukia sheria za silaha katika nchi nyingi.

Biashara inayodhuru zaidi ni ya kibao cha utambulisho kinachong'olewa kwenye gari moja na kuuzwa peke yake, kisha kikabandikwa kwenye bodi nyingine ili kuipandisha thamani. Gari la kwanza hupoteza historia yake, na la pili huvikwa isiyo yake. Kibao kinapaswa kulinganishwa na alama zilizogongwa kwenye bodi, injini na ekseli kabla ya malipo yoyote.